Mkwe Aliyeninyima Mjukuu

Nyie vijana wa Nguvumali mlionijia juzi na simu zenu, mkataka niseme maneno mawili ya kumsifu marehemu, nikawaambia nitaandika. Mkatazamana, mkacheka. Mlidhani bibi hajui kalamu. Nimesoma ngumbaru nikiwa mtu mzima na mtoto mgongoni, na herufi nilizozipata zinanitosha. Basi someni. Ila msisome kwa kurukaruka, na msinijie juu kabla hamjafika mwisho.

Nyie mnamjua kwa jina la baba wa mtaa. Mie namjua kwa jina la mkwe, kwa kuwa alimwoa binti yangu. Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, waulizeni wa kwao. Mie nitasema niliyoyaona kwa macho yangu, na mengi niliyoyaona sikuyapenda.

Siku ya kumzika, jeneza likiwa bado uani, msemaji alishika kipaza sauti akasema huyu alikuwa baba wa wote. Wanaume wakaitikia. Wanawake huko ndani wakaanza kulia upya. Nikamwinamia jirani yangu nikamwambia, "Baba wa wote, na mume wa nani?" Akanifinya paja nikanyamaza. Leo hakuna wa kunifinya.

Alikuwa mtu wa sauti. Kunong'ona hakukujua. Alikuwa na kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara, na ukipita upande wa pili unamsikia anamwuliza mtu habari za jipu lake, dunia nzima ijue. Msibani, pale watu wanaposhusha sauti, yeye ndiye aliyekuwa akiita, "Turubai vuteni huku! Wazee wamekaa juani, hamna macho?" Kaburi likichimbwa, yeye ndiye wa kuingia shimoni mwisho kuchonga mwanandani, pale pa kulazia maiti, hamwamini mtu mwingine. Mvua kubwa zikija na mtaro ukiziba, anawatoa vijana vitandani kwa kuwagongea madirisha. Saa watoto wa shule wanapovuka barabara, anaacha tairi la mteja majini, anasimama katikati ya lami kanyoosha mikono kuzuia bodaboda. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemlipa. Mkimwambia ahsante anajibu, "Niiteni tu." Neno lake hilo. Niiteni tu.

Na watu walimwita. Hapo ndipo shida yangu na yeye ilipoanzia, na wote waliomsifu siku ile chini ya turubai hawakuwepo.

Binti yangu alipokuwa na mtoto mchanga, mtoto hajaota hata jino, alishikwa na homa. Asubuhi ile mume alimwona anatetemeka, akamfunika shuka, akampa maji. Kisha wakaja watu kumwita. Kuna mzee wa jirani kaanguka, hana mtu, apelekwe hospitali. Akaenda. Akamshikilia mzee yule kwenye bajaji, akakaa naye foleni, akamtafutia dawa, akamrudisha mpaka kwake. Aliporudi nyumbani jua linazama, mke wake hamjui tena aliye mbele yake. Nilipofika kutoka Usagara nilikuta ndio wanampakia. Mwanangu hakurudi. Yule mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila akiniona njiani ananisalimia kwa heshima, hajui ninavyomtazama.

Nilimsubiri mkwe wangu aseme neno juu ya siku ile. Aseme nimekosa. Hakusema. Nikadhani angalau ataacha kukimbilia mambo ya watu. Wapi. Alizidisha.

Sasa sikilizeni la pili. Kwetu, mtoto mchanga akifiwa na mama yake, hulelewa na bibi mzaa mama. Hili halikutungwa jana. Siku ya kuondoa matanga wazee walikaa ukumbini kwangu wakalisema, na halikuwa na ubishi, lilikuwa la kusemwa tu ili lisemwe. Mie nilikuwa nimeshajitayarisha. Bembea ya kanga nimeifunga chumbani. Mbuzi wa maziwa nimemnunua, yuko uani analia. Akasimama yeye, kashika mtoto kama mtu aliyeshika sahani imejaa mchuzi, akasema, "Mjukuu wenu ni wenu, lakini haendi popote."

Kaka yangu akamwuliza, "Utamnyonyesha nini, ndevu?"

Watu wakacheka, msibani pale pale.

"Nitajifunza," akasema.

"Kunyonyesha hakujifunzwi, yakhe!"

"Basi nitajifunza hayo mengine."

Akatoka na mtoto. Wazee wakabaki wanatazamana, na chai haijanywewa. Tangu lini mwanamume akatoka kikaoni na kiumbe wa kunyonya? Niliwaambia mwacheni, atarudi mwenyewe akisikia kilio kimoja kirefu. Nikaiacha bembea ikining'inia. Nilimtuma Zuhura, binti yangu wa mwisho ninayeishi naye mpaka leo, apeleke maziwa ya mbuzi Nguvumali. Yakarudi. Nikamtuma tena na wali wa nazi na samaki, chakula cha mtu mzima. Kikarudi, kimefunikwa vilevile. "Amesema mama asijisumbue, tumeshapata."

Mtu huyu alikuwa akiwapelekea wagonjwa uji nyumba hadi nyumba! Mwenyewe hapokei hata chumvi. Anayetoa na hapokei, mie namwita mwenye kiburi, hata kama nyie mnamwita mkarimu.

Zuhura alimtetea. "Mama, yule anaogopa. Ukitanguliza maziwa, nyuma yake utamfuata mtoto."

"Ndiyo nitamfuata," nikamwambia. "Kwani nimefanya siri?"

Basi akamlea. Nyie mmezaliwa mkamkuta binti yake, Riziki, keshakuwa mkubwa, hamkuyaona. Mwanamume mzima, kafunga mbeleko mgongoni, mtoto kichwa kinaning'inia, anazibua mtaro. Mtoto analala kwenye boksi kati ya matairi. Mtoto yuko msibani juu ya mabega, anatazama watu wanalia. Vijana wa kijiweni, ambao leo wana mvi na wamelia kwelikweli siku ya maziko, walikuwa wakimpigia kelele, "Mama Riziki! Maziwa yametoka?" Yeye anawajibu bila kugeuka, "Bado. Yakitoka nitakuita wewe kwanza, unaonekana hukushiba ulipokuwa mdogo." Wakaishia kumzoea. Mie sikuzoea. Kila aliyekuja Usagara sokoni aliniletea habari zake kama anayeniletea kichekesho, na mimi ndiye niliyekuwa nachekwa. Bibi hai, ana nguvu, ana nyumba, na mjukuu wake analala katikati ya matairi.

Nyie hamjui ukwe. Zamani zetu mkwe mwanamume akimwona mama mkwe anakuja, anapinda kona. Hali chakula mbele yake. Hakai naye mkeka mmoja. Akizungumza naye anatazama chini. Huyu wangu siku moja aliniingilia jikoni, kachuchumaa karibu na jiko, mtoto kamlaza magotini, akaniuliza, "Mama, mtoto tumbo likimsokota mnampa nini?"

Nikamwambia, "Tunampa bibi yake."

Akanyanyuka akaenda. Baadaye nikasikia kawauliza wanawake wa saluni jirani na kibanda chake, wakamwonyesha namna ya kumkanda tumbo kwa mafuta ya nazi. Hao hao ndio waliomfundisha kusuka. Alikuwa akikaa kwenye benchi yao kama mwanagenzi, mikono yake imejaa grisi, anafanyia mazoezi kwenye kichwa cha sanamu. Idd moja Riziki aliletwa kunisalimia. Maana hilo hakuninyima, niseme haki. Kila Idd aliletwa, kaogeshwa, kavalishwa, na kabla ya magharibi karudishwa. Nikatazama zile nywele. Mistari imepinda kama njia ya ng'ombe. Nikamketisha, nikatia kitana nifumue. Yule mtoto akapiga yowe mpaka jirani wakatoka. "Usifumue, bibi! Hizo kasuka baba!"

Sikufumua. Nilimpa biskuti, nikaingia ndani. Mnaosema mtu huyu hakumdhuru mtu, ile siku hamkuwa sebuleni kwangu.

Kisha kuna hili la pedi, ambalo hapa mjini linasimuliwa kama sifa. Binti akivunja ungo, kwetu hupelekwa kwa watu wa mama yake, akatafutiwa somo, akaambiwa yanayoambiwa na wanawake. Nilijua siku hiyo itafika na nilijua hiyo hawezi kunikwepa. Mwanamume atasema nini? Yeye akaenda dukani mchana, wanaume wamejaa wanacheza bao, akasema kwa ile sauti yake, "Nipe pedi, za msichana." Muuza duka akaona aibu, akataka kuzifunga kwenye gazeti. "Gazeti la nini? Mkate mbona hufungi?" Bao likasimama. Akarudi nyumbani, akamweleza mwanawe, akamwita mmoja wa wale wa saluni amwonyeshe. Riziki alipokuja kwangu alikuwa ameshajua kila kitu, na hakuwa na haya. Nilimwita somo hivyo hivyo, tukafanya yetu, lakini somo mwenyewe aliniambia pembeni, "Huyu keshafundwa, tunamrudia tu."

Haki yangu aliitembeza dukani mbele ya wacheza bao.

Nyumba yake mngeiona. Alipanda juu ya madrasa kuweka mabati mapya, mabati ya watu wengine, na kwake mvua ikinyesha wanahamisha kitanda. Alikuwa mwepesi wa machozi, alilia kwenye harusi za watu asiowajua vizuri. Alikuwa na ahadi nyingi kuliko siku za wiki, kwa hiyo kila mahali alifika kachelewa, anahema, na kila mahali walimsamehe. Alikula kasimama. Kwenye shughuli alipitiliza jikoni, akafunua sufuria za watu, akaonja, akaamuru. Kwangu alijaribu mara moja tu, nilimpokonya mwiko.

Walitaka kumwoza, tena si mara moja. Kuna mjane mzuri, mtu wa heshima, mwenye nyumba yake, na mie mwenyewe nilimpigia debe, kwa hesabu yangu kwamba akioa, mke mpya hatamtaka mtoto na mtoto atakuja. Mjane alipelekewa habari akakubali. Mkwe wangu akaenda kwao kusalimia, na mtoto mkononi. Wakamwuliza huyu atakaa na nani. Akasema, "Huyu ndiye mwenye nyumba, mie mpangaji." Mjane akacheka, watu wake hawakucheka. Ikaishia hapo.

Sitasema uongo ili hasira yangu ipendeze. Riziki hakulala njaa. Hakukosa shule. Vikao vya wazazi, pale wanapojaa kina mama, yeye alikaa mbele kabisa, anauliza maswali mpaka walimu wanatazama saa. Riziki alipofaulu, alipita nyumba zote za mtaa kuwaambia, hata za watu waliolala. Alipoolewa na kijana mwenye shamba Maramba, baba alimsindikiza, akarudi, na wiki ile wanasema kibanda hakikufunguliwa. Hayo ni kweli. Lakini mtu anaweza kukitunza vizuri kitu alichokuibia, na bado kikawa chako.

Sasa nawaambia la mwisho, ambalo hamkulipata kwenye simu zenu.

Riziki alishika mimba. Uzazi wa kwanza mwanamke hurudi kwa mama yake, akalindwa siku arobaini: akandwe kwa maji ya moto, afungwe tumbo, anywe uji wa pilipili manga na supu ya pweza, asishike ufagio. Mama hana, basi kwa bibi. Hapo hapana saluni, hapana nitajifunza. Mwanamume hamkandi mzazi. Nikawa nangoja. Mume wake, kijana mwenye adabu, alinipigia simu kutoka Maramba akasema ameridhia mkewe azalie mjini, aamue baba yake wapi. Sikupiga simu Nguvumali. Nilisema safari hii atanijia.

Alikuja alasiri, kwa bajaji, na Riziki tumbo limeshuka. Zuhura akampokea Riziki ndani kwa vigelegele. Yeye akabaki kaketi barazani na begi, kainamisha kichwa. Nilikuwa sijamwona muda mrefu. Mashavu yamebonyea, na ile sauti imekwenda wapi sijui.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mzigo wangu umeufikisha."

"Nimeufikisha mama."

"Umechelewa."

"Najua."

Nikamwambia Mungu amrudishe salama. Hakunyanyuka. Alifungua begi akaanza kunitolea vitu, samli, ubani, kanga mpya za kufungia tumbo, pilipili manga imeshatwangwa. Nikamwambia hivyo vyote ninavyo. Akavirudisha kimoja kimoja. Kisha akasema, bado anatazama sakafu:

"Mama, nina ombi. Nikae hapa barazani mpaka ajifungue."

Nilicheka. "Mkwe alale kwa mama mkwe? Usagara hii hii? Wanichezee ngoma mlangoni?"

"Mimi wananicheka siku zote mama. Nimezoea."

"Mie sijazoea. Na sitaki kuzoea."

"Mama yake alipozidiwa, sikuwepo," akasema. "Waliniita, nikaenda. Nilimwona anatetemeka, nikaenda. Huyu naye akizidiwa mimi niko Nguvumali..."

Miaka yote ile nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo, na nilikuwa nimeweka majibu yake tayari, makali, nimeyanoa. Yalikuwa mdomoni. Mlango ukafunguka. Riziki kasimama, mkono mmoja kiunoni, jasho kwenye paji.

"Bibi," akasema, "baba asipokaa, hata mie sikai. Nitarudi naye kwenye bajaji hiyo hiyo."

"Unamtisha bibi yako?"

"Sikutishi bibi. Nakwambia."

Dereva wa bajaji alikuwa bado yupo nje, anasubiri nauli, anatusikiliza. Jirani yangu wa mkono wa kulia kajitokeza kuanika nguo ambazo zilishakauka. Nikamtazama yule mtoto, alivyosimama, kidevu juu, ni mama yake yule pale, lakini maneno ni ya baba yake. Nilijua nikisema hapana, anaondoka kweli. Na nilijua nikisema ndiyo, nitaitwa bibi asiyejua ukwe mpaka naingia kaburini.

Sikumsamehe. Mkitaka kunukuu maneno yangu, nukuuni hilo. Nilimgeukia Zuhura, na watoto wa nyumba wote waliokuwa wamejibana mlangoni wakisikiliza, nikawaambia:

"Mlipeni mtu wa bajaji aende zake. Lile godoro la chumba cha uani litolewe, litandikwe ukumbini, karibu na mlango wa mzazi, huyu asikie akiitwa. Atakula tunachokula. Na katika nyumba hii asitokee mtu, mkubwa wala mdogo, wa kumwuliza anarudi lini kwake."